Gorogoro Isiyobonyea

Siku ya soko pale Runyenjes, au mbele zaidi Chuka na Nkubu kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, mnunuzi mzoefu hatazami mahindi kwanza. Hutazama gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka. Huiinua, huipindua, hupitisha kidole kwenye kitako kuona kama kimebonyezwa kwenda ndani, maana bonde dogo la chini humla mnunuzi kiganja kizima cha nafaka kila kipimo. Kisha huangalia mkono wa muuzaji. Anajaza hadi kilele au anasawazisha juu kwa kiganja? Anautikisa mkebe nafaka ishuke au anamwaga haraka? Mama aliyelelewa na soko anayajua haya yote bila kufundishwa, na anajua pia kwamba kipimo kikiharibika, kupatana bei ni kazi bure.

Nimeanza na gorogoro kwa sababu nataka kuusifu ufundi usiosifiwa sana: ufundi wa kupima. Utafiti wa sayansi hutufikia ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa. Redio hutuambia "utafiti umeonyesha", nasi tunaendelea na shughuli zetu. Mikono iliyopima, ikaandika, ikarudi kesho yake kupima tena, hatuioni. Kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya, katika tarafa ya Kyeni Kusini iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Embu, ilifanyika kazi moja ya kupima ambayo inastahili kusimuliwa polepole, kama tunavyomsimulia fundi wa Lamu anayechonga mlango. Malighafi yake ilikuwa chakula ambacho kila mtu wa Embu na Meru amekila tangu utotoni: githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Kyeni ni nchi ya udongo mwekundu na vilima vinavyofuatana. Watu wanalima mahindi, maharagwe na kahawa kwenye mashamba madogo yanayozidi kugawanywa kila baba anapogawia wanawe. Ng'ombe anaweza kuwepo zizini na kuku uani, lakini maziwa na mayai mara nyingi huelekea sokoni, kwa sababu karo na sabuni hulipiwa kwa fedha. Mtoto hubaki na mahindi na maharagwe. Tumbo linajaa. Swali ni kama kujaa kwa tumbo kunatosha.

Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walifika Kyeni na swali hilo. Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Charlotte Neumann, daktari wa watoto na mwalimu wa afya ya umma wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliongoza upande wa Kenya wa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tatu: Misri, Kenya na Mexico. Hawakuwa wakitafuta watoto wanaokufa kwa njaa, kwani madhara ya njaa ya namna hiyo yalijulikana. Walitaka kujua mtoto anayekula kila siku, ila kidogo na chakula kilekile, anapoteza nini kimwili na kiakili. Kwa hiyo wapimaji waliingia jikoni mwa watu, wakapima kinachoingia sufuriani na kinachotoka, mwezi baada ya mwezi.

Ndipo mvua za masika za mwaka 1984 zikakosekana. Ukame ule unakumbukwa Kenya nzima, na Embu haukusazwa. Wapimaji wangeweza kufunga madaftari wakisema mwaka umeharibika. Waliendelea kupima, na kwa kuendelea kwao wakanasa jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Chakula kilipopungua, familia ziliwakinga watoto wadogo wanaoanza kutembea. Sahani zao hazikupungua sana. Waliobeba njaa walikuwa mama na watoto wa shule. Mtoto wa shule alicheza kidogo kuliko kawaida uwanjani, na darasani umakini wake ukashuka. Tunasema mama hujinyima kwa ajili ya mwanawe, na tunalisema kama methali. Kule Kyeni limeandikwa kwa gramu.

Katika madaftari yale kulikuwa na dokezo jingine. Watoto waliokuwa wakipata nyama na maziwa mara kwa mara walielekea kufanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Hapa ndipo fundi wa kweli hutofautiana na mwenye haraka. Mwenye haraka angetangaza kwamba nyama inaleta akili. Fundi alijiuliza: ni nyumba gani zinazokula nyama Kyeni? Ni zile zenye mapato, zenye wazazi waliosoma, zenye taa ya kusomea usiku. Huenda nyama haikufanya lolote, na kazi yote ilifanywa na hivyo vingine vinavyoandamana nayo.

Kenya ilikuwa imeshaonywa kuhusu mtego huo. Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao uliowalinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mboga. Waliona kwamba mwanamume Mmaasai alimzidi Mkikuyu kwa kimo cha karibu sentimita 13 na uzito wa karibu kilo 10. Orr baadaye akawa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kazi ile ilikuwa ya maana, lakini jamii mbili zinatofautiana kwa mambo mengi mno: ukoo, ardhi, magonjwa, mwendo wa maisha. Huwezi kuyaweka yote upande mmoja wa mizani kisha ukasema kilichoshuka ni maziwa.

Mwaka 1998 watafiti walirudi Kyeni na dawa ya mtego huo, nayo ilikuwa kura. Walichukua shule 12 za msingi na kuzigawa kwa kura katika makundi manne. Watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, wangepewa chakula shuleni kila siku ya masomo. Kundi la kwanza githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia. La nne halikulishwa shuleni, ila lilipimwa sawasawa na mengine, na utafiti ulipokwisha familia zake zikapewa mbuzi wa maziwa. Fedha zilitoka Shirika la Misaada la Marekani. Kura haijui nani ni tajiri, nani ana baba mwalimu. Ikitupwa vizuri, hutawanya bahati na mikosi ya kila nyumba katika makundi yote, hata tofauti itakayojitokeza mwishoni iwe na chanzo kimoja tu cha kutiliwa shaka: kilichokuwa ndani ya bakuli.

Sasa tusogee karibu na sufuria lenyewe, kwa sababu hapo ndipo ufundi ulipo.

Mpishi wa kawaida anaongeza nyama kwenye githeri na kazi imekwisha. Mpishi wa Kyeni alikuwa na sharti gumu: mabakuli matatu yenye vitu tofauti yatie mwilini nguvu ileile. Kama bakuli la nyama lingekuwa na nguvu zaidi, mtu angesema kwa haki kwamba watoto hawa walifaidi kwa kula zaidi, wala si kwa kula nyama. Basi mapishi yakapangwa kwa hesabu. Mwaka wa kwanza kila bakuli lililenga kilokalori zipatazo 240. Nyama ilikuwa gramu 60. Maziwa yalikuwa mililita 200, na kwa kuwa maziwa yana nguvu yake, githeri ya kundi hilo ikapunguzwa ili jumla isizidi. Kwenye githeri tupu yakaongezwa mafuta, gramu chache tu, kuziba pengo. Watoto walipokua, kipimo kikapandishwa kwa makundi yote pamoja: nyama gramu 85, maziwa mililita 250, na kila bakuli kilokalori zaidi kidogo ya 300.

Nilipima gramu 60 za nyama ya kusaga nyumbani kwangu ili nizione kwa macho. Ni kibonge kinachokaa katikati ya kiganja, uzito wake kama wa yai moja la kuku. Nilikiviringisha, nikakiweka kwenye kisahani kando ya bakuli la githeri, na ilinichukua muda kuamini. Kwetu nyama ya mgeni ni robo kilo, na yenyewe huitwa kidogo. Hiki kibonge, kikipondwa ndani ya githeri, hakionekani tena. Utakula bila kujua kuwa kimo ndani. Kazi yote ya miaka miwili ilitegemea kibonge hicho kifike kikiwa na uzito uleule, kwa mtoto yuleyule, kila siku ya shule.

Chakula kilipikwa mahali pamoja kisha kikasafirishwa kwa gari hadi shuleni, kiliwe wakati wa mapumziko ya asubuhi. Hebu fikiria asubuhi moja ya msimu wa mvua, barabara za udongo mwekundu zikiwa zimelainika kama sabuni. Githeri haiivi kwa kuharakishwa; mahindi makavu na maharagwe yanataka moto wa saa nyingi, kwa hiyo jiko linawaka kabla ya alfajiri. Mtoto mmoja hakuja shule: iandikwe. Mwingine amebakiza: ipimwe aliyobakiza, kwa sababu kinachohesabika ni kilichoingia tumboni. Siku hiyo ikiisha, kesho ni vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbuka kwamba kibaba chenyewe ni kipimo.

Lakini shuleni ni nusu ya hadithi. Mtoto akilishwa shuleni, mama anaweza kupunguza sahani yake ya jioni bila kukusudia, kwa kuwa mtoto mwenyewe anarudi hana njaa. Wapimaji wa Kyeni hawakukisia jambo hilo. Walikwenda nyumbani kupima. Wakaona kwamba watoto wa kundi la maziwa na wa githeri yenye mafuta walikula kidogo zaidi nyumbani, hivi kwamba sehemu ya faida ya shuleni ilifutika jioni. Wa kundi la nyama hawakupungukiwa namna hiyo, na jumla ya chakula chao cha siku ikapanda zaidi. Anayepima shuleni peke yake asingeliona hilo kamwe.

Kuna mwanasayansi Mkenya, Constance Gewa, ambaye aliingia ndani zaidi ya hapo. Alilinganisha anachokumbuka mama kuhusu chakula cha mwanawe na anachokula mtoto kweli. Mama anajua sufuria lake vizuri. Asichokijua ni kile mtoto anachokula mbali na nyumbani, na Gewa alionyesha kwamba chakula hicho mara nyingi hakimo katika maelezo ya mama. Kila aliyesoma shule ya kijijini anaelewa: mapera ya njiani, embe la jirani, muwa wa rafiki, kipande cha mhogo kwa shangazi. Mama hakudanganya. Aliulizwa jambo lililotokea nyuma yake. Suluhisho ni la heshima na la akili: mtoto naye aulizwe. Nauona upole mwingi katika hatua hiyo, kumpa mtoto wa miaka saba nafasi ya kuwa shahidi wa tumbo lake mwenyewe.

Kupima mwili nako kuna adabu yake. Mtoto husimama kwenye kibao cha urefu bila viatu, visigino vimegusa nyuma, macho yakitazama mbele, na kipande cha juu kinashushwa polepole hadi kiguse fuvu na kubana nywele. Mkono wa juu hupimwa kwa utepe katikati ya bega na kiwiko. Ukikaza utepe sana unabana nyama, ukiulegeza unapima hewa. Halafu kuna koleo ndogo inayobana ngozi ya nyuma ya mkono kuonyesha unene wa mafuta. Peke yake, kila kipimo kinasema kidogo. Viunganishe kwa hesabu: mzunguko wa mkono ukiondoa mafuta hukuachia msuli. Kwa utepe na koleo, bila kumchoma mtoto sindano, mpimaji anajua kama uzito ulioongezeka ni mafuta au ni msuli wa kubebea maji na kurukia kamba. Na kwa kuwa milimita chache zinaweza kubadili jibu, desturi ya kazi hii ni kupima zaidi ya mara moja na kuwalinganisha wapimaji wenyewe kwa wenyewe, hadi mkono wa huyu na wa yule utoe namba moja.

Akili hupimwaje? Moja ya zana zilizotumika ni jaribio lililobuniwa na Mwingereza John Raven na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Mtoto huonyeshwa picha ya ruwaza, mfano wa kitambaa chenye mistari, iliyokatwa kipande. Chini yake kuna vipande sita. Kipi kinaziba pengo? Hakuna la kusoma wala la kuandika, na mtoto hahitaji kujua Kiingereza. Akiwa amekaa na mpimaji anayemsemesha kwa Kiembu, anaelekeza kidole. Picha za mwanzo ni rahisi. Kadiri anavyofunua kurasa, mistari inapishana, inageuka, na mtoto anapaswa kushika mambo mawili kichwani kwa pamoja. Mpimaji mzuri hatabasamu kwa jibu sahihi wala hakunji uso kwa jibu lisilo sahihi. Uso wake nao ni gorogoro; ukibonyea, kipimo kimeharibika.

Wengine walipewa kazi ya kukaa pembeni mwa uwanja wakati wa mchezo, fomu mkononi, kumwangalia mtoto mmoja kwa wakati na kuandika anachofanya. Anakimbia au amekaa? Yuko peke yake au na wenzake? Nani anaanzisha mchezo, nani anafuata? Mpita njia angedhani wanapumzika.

Mwaka 2003 matokeo ya awali yakachapishwa. Watoto wa kundi la nyama walipanda katika jaribio la Raven kuliko makundi mengine yote. Katika hesabu, kundi la nyama na la githeri yenye mafuta yalilishinda kundi lisilolishwa. Makundi yote matatu yaliyolishwa yaliongeza uzito wa karibu nusu kilo, takriban gramu 400, zaidi ya wenzao wasiolishwa. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye msuli wa mkono: kundi la nyama liliongeza kati ya asilimia 30 na 80 zaidi ya makundi mengine, nalo la maziwa asilimia 40 zaidi ya lisilolishwa. Na kule uwanjani, watoto wa kundi la nyama ndio walioonekana kuchangamka zaidi na kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Kibonge cha gramu 60 kilikuwa kimefika uwanjani.

Hata hivyo, heshima yangu kubwa kwa kazi hii inatokana na yale ambayo hayakujitokeza, kwa sababu nayo yaliandikwa. Maziwa, ambayo kila mmoja wetu angeapa kwamba ni bora kwa mtoto, hayakupandisha alama za Raven. Urefu wa watoto kwa jumla haukuonyesha tofauti ya kuaminika. Maziwa yalisaidia kimo cha wale tu waliokuwa wafupi zaidi tangu mwanzo. Katika majaribio ya kuelewa maneno hakuna kundi lililolishinda jingine. Damu ilipopimwa baada ya mwaka, vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vya wanyama, ilikuwa imepanda kwa walaji wa nyama na wa maziwa. Madini ya chuma na zinki hayakuonyesha kupanda. Mwanzoni mwa kazi malaria ilikutwa kwa asilimia 31 ya watoto, na minyoo ya safura ilikuwa imeenea; mwili unaopigana na maradhi huvuruga hata kipimo cha damu. Mtu anayetaka kuuza nyama au maziwa angeyaficha haya. Wao waliyapanga mezani yote, yanayopendeza na yasiyopendeza. Hiyo ndiyo gorogoro isiyobonyea.

Sababu za nyama kufanya kazi zinaeleweka kwa sehemu. Mahindi na maharagwe yana chuma na zinki, lakini yana pia kiini kiitwacho faiteti kinachoyashika madini hayo yasifyonzwe tumboni. Chai inayofuata chakula huongeza kizuizi. Nyama huja na madini yanayofyonzwa kwa urahisi, na husaidia hata ya kwenye nafaka kufyonzwa. Maziwa yana utajiri wa kalsiamu na B12, ila hayana chuma cha kutosha na yanaweza kupunguza ufyonzwaji wake. Ndiyo maana mabakuli mawili yenye nguvu sawa hayakuzaa matokeo sawa.

Ukisimama Kyeni asubuhi isiyo na mawingu, mlima unaonekana kwa juu, ule ambao Waembu wanauita Kirenyaa na Wameru Kirimaara. Huko nako kuna watu wa ufundi uleule. Barafu ya Lewis, iliyo kati ya kilele cha Batian na Lenana, ilichorwa ramani mwaka 1934, ikapimwa tena miaka ya 1950, kisha mwanasayansi Stefan Hastenrath na wenzake wakaifuatilia kwa miaka mingi kwa kutoboa barafu, kusimika vijiti na kurudi kuangalia vimejitokeza kiasi gani. Kijiti kilichosimikwa kwenye barafu kinafanya kazi sawa na utepe kwenye mkono wa mtoto: hakina maana siku ya kwanza, kina maana anaporudi yule aliyekiweka. Kwa subira hiyo tunajua leo, bila kubahatisha, kwamba kati ya 1934 na 2010 barafu ya Lewis ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Kwenye mteremko wa kaskazini magharibi, kwenye kimo cha mita 3,678, kituo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kilianzishwa mwaka 1999 ili kupima hewa. Anayepima barafu, anayepima hewa na anayepima githeri hawafanani kwa mavazi wala kwa elimu, lakini wote wamekubali kufanya jambo lilelile, kwa namna ileile, kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kusifiwa.

Kurudi ndiko kulikowapa watu wa Embu zawadi nyingine. Kwa kuwa jaribio la Raven lilifanywa huko mwaka 1984 na tena mwaka 1998, kwa watoto wa umri uleule, iliwezekana kuvilinganisha vizazi viwili. Watoto wa 1998 walipata alama za juu kwa kiasi kikubwa. Katika nchi tajiri kupanda huko kulishajulikana. Kwa watoto wa kijijini Kenya, Embu ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuonyesha. Watafiti walitaja sababu zinazoelekea kuhusika: wazazi wengi zaidi wanaojua kusoma, familia zenye watoto wachache kidogo, na lishe na afya bora. Akili ya watoto wetu haijaandikwa kwenye jiwe. Inapanda pale nyumba na sahani zinapopanda, na tunalijua hilo kwa kuwa mtu alihifadhi karatasi za 1984.

Nimewaza sana juu ya watu waliofanya kazi hii. Majina ya maprofesa yako kwenye majarida, na wanastahili. Mpimaji aliyepiga magoti jikoni kwa mwenyeji, akapima maharagwe kabla hayajatiwa sufuriani bila kuonyesha kwamba anahukumu umaskini wa nyumba ile. Mpishi aliyeamka usiku ili githeri iwahi mapumziko. Dereva aliyefika mvua ikinyesha: hao jarida haliwataji, na kazi isingesimama bila wao. Ufundi wao ulikuwa wa kuaminika siku ambayo hakuna anayewaangalia. Mwalimu anayelea wanafunzi wa sayansi Meru, Chuka au Embu awafundishe hilo kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Tangu 2009 Kenya imekuwa na mpango wa chakula cha shule kinachotokana na mazao ya nchini, na sahani yake katika sehemu nyingi ni nafaka, maharagwe, mafuta na chumvi. Ni sahani njema. Inamleta mtoto shule na kumtuliza tumbo. Kwa lugha ya Kyeni, ni sahani ya kundi la tatu. Tunajua inachoongeza, na tunajua inapoishia, kwa sababu watoto wa Embu walikaa miaka miwili wakipimwa ili tujue. Kwa hiyo nawaomba kamati za shule, wazazi na serikali za kaunti za Embu na Meru: mkikaa kupanga bajeti ya githeri, tafuteni njia ya kutia ndani yake kitu kidogo cha mnyama, iwe nyama ya kusaga, omena iliyosagwa au yai. Hakihitaji kuwa kikubwa. Kule Kyeni kilianza na gramu 60.